Mama Mkwe, Isale Lako Halikuwa na Kinyongo

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu nakujua. Ningeanza na habari za isale kabla ya kukuamkia, ungenikatiza na kuniuliza nimelelewa wapi, halafu ungejijibu mwenyewe: "Ah, Kikatiti." Basi marahaba yako nimeipokea, tuendelee.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa yaliyosemwa juu yetu wawili nayo yalisemwa hadharani, mbele ya watu na sahani zao mkononi, siku ya misa ya kukukumbuka. Walioyasikia yale wasome na haya. Isale lako ni zima, Mama. Lilikuwa linaungua, likapona, na aliyegundua lilikuwa linaumwa nini ni mimi, fundi cherehani, mkweo. Nitaanzia mbali kidogo ili hata asiyetufahamu aelewe mimi na wewe tulianzaje.

Tulianza vibaya. Mwanao Faustini alinileta Kibosho nikiwa mchumba, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe na kulipiga pasi mpaka mikono ikauma. Ulinikaribisha vizuri, ukanipakulia machalari, nyama nyingi juu, ndizi chini. Kisha mtu mmoja akatania, nikacheka. Ukaniangalia mdomoni. Ukamgeukia Manka, binti yako, na kwa uso mtulivu wa mtu anayeuliza chumvi iko wapi, ukamwambia kwa Kichaga kwamba kaka yake amewapita wasichana wote wenye vinywa vya maana, akaenda kuokota mwenye meno ya mahindi ya kuchoma. Manka alicheka hadi akaweka upawa chini.

Kosa lenu lilikuwa moja. Mlisikia nimetoka Arusha mkadhani ni mtoto wa mjini, Kiswahili tu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa kabila gani. Mimi ni Mmeru, na Kimeru na Kichaga chenu ni ndugu wa karibu. Siwezi kusema naelewa kila kitu, lakini tusi halinipiti. Nilimaliza ndizi zangu bila haraka, nikanawa, nikakushukuru kwa Kimeru, neno moja moja, ili lisikupotee hata moja. Nilisema chakula kilikuwa kitamu na mahindi yangu ya kuchoma yamekifurahia. Faustini alitazama dari. Manka alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni.

Wewe hukukimbia popote. Ulinitazama tu, na jioni ukatusindikiza mpaka barabarani.

Siku chache baadaye ukateremka Kikatiti peke yako, umevaa kitenge chako cha kanisani, ukauliza njia mpaka nyumbani kwetu. Mkononi ulikuwa na isale. Kwa asiyelijua, isale ni ule mmea wa majani marefu mliouzungushia vihamba vyenu, yale mashamba ya ukoo, kuwa mpaka. Aliyemkosea mwenzake huchuma jani lake akampelekea, na aliyepelekewa isale hakatai. Jani moja linatosha. Wewe ulileta kichwa kizima pamoja na shina lake, unene wa mpini wa jembe.

Mama yangu mzazi alishangaa. "Dada, mbona umebeba mti?"

"Jani ni la maneno madogo," ulimjibu. "Mimi mdomo wangu ulifunguka wote."

Mtu mzima, mama wa watu, umesimama mbele ya msichana ambaye hata posa yake ilikuwa haijaletwa. Nililipokea kwa mikono miwili. Mama akakukaribisha ndani, akakuletea maji ya kunywa kwenye glasi. Uliyainua ukayatazama mwangani. Yalikuwa meupe kabisa, safi kuliko maji ya mto.

"Ni haya?" uliuliza.

Mama hakujifanya hajaelewa. Alikueleza kwamba maji ya ardhini kwetu yana madini ya floraidi, yanatoka na mlima wenyewe, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake bado yanajijenga huota meno ya kahawia. Akakuonyesha ya kwake. Akamwita kaka yangu akuonyeshe ya kwake. Ukaiweka glasi chini, ukakaa. Halafu ukaichukua tena, ukanywa mpaka ikaisha, ukaigeuza juu chini kuonyesha hakuna kilichobaki.

Ulipoaga uliniambia isale hulitunzi, linaachwa likauke, kazi yake imekwisha. Mimi nikasema kitu kilichopanda gari toka Kibosho hakitakauka mikononi mwangu. Nikalichomeka kwenye ndoo ya udongo, nje kwenye mvua. Ulicheka ukasema Faustini amepata kichwa ngumu mwenzake. Likashika mizizi.

Unakumbuka siku ya harusi? Mpiga picha alikuwa ananielekeza, "Bibi harusi, tabasamu, ila funga mdomo." Ulitoka kwenye kiti chako na kofia yako ile kubwa, ukamsimamia. "Mwache acheke." Picha hiyo ipo sebuleni. Meno yote yanaonekana, na wewe uko pembeni umekunja uso, unamchunga mpiga picha asifanye ujinga mwingine.

Kisha tukaishi Kimandolu, na isale likahamia sebuleni kwenye chungu cha maua, kando ya televisheni, likawa kama mtu wa nyumbani. Alipozaliwa mwanangu wa kwanza tukampa jina lako, Ndeshi, kama desturi yenu ilivyo. Ulikuja kunipikia mtori nikiwa mzazi, na baada ya Baba kufariki ukakaa moja kwa moja. Kitu cha kwanza ulichofanya ulimwagiza Faustini pipa, ukaliweka chini ya gata. "Huyu amebeba jina langu," ulisema. "Hatapigwa picha mtu akimwambia afunge mdomo."

Maji ya mvua yakawa ya Ndeshi. Ulichota kwa kile kikombe chako cha bluu cha bati, ukayachemsha, ukayapoza, na kilichobaki pipani ulilipelekea isale. Nilikuuliza kwa nini unalinyima maji ya bomba, yapo mengi. Ukaniambia, "Ya bomba nyweni nyie ambao meno yenu yameshakwisha." Nilicheka nikarudi kwenye cherehani yangu. Sijui kama ulilijua isale kwa kina hivyo au mkono wako ulifuata tu upendo wake. Natamani ningekuuliza.

Mwaka jana ukatuacha. Tumekulaza Kibosho, kando ya Baba, karibu na ule uzio wa masale. Baada ya hapo tukahamia Olasiti kwenye nyumba yetu wenyewe, ile uliyokuwa unaiulizia kila siku kama imefika kwenye lenta. Imekwisha, Mama, ina bati jekundu, ila gata bado. Pipa lako lilipasuka kwenye lori. Maji ya mtaa wetu yanatoka kisima kirefu. Ya Ndeshi ya kunywa tunayatafuta kwingine, hilo halina mjadala. Isale sikulifikiria. Nililimwagilia maji ya bomba, kwa kikombe kilekile cha bluu, na nikajiona namuenzi mama mkwe.

Likaanza kuungua. Ncha za majani ya chini zilikauka, zikawa kahawia, ukaja mstari wa njano, kisha kahawia ikatambaa pembeni mwa jani pande zote mbili, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nikalimwagilia zaidi. Likaungua zaidi.

Lilikuwa katika hali hiyo siku ya misa. Ndugu wamejaa sebuleni, pilau imeshapakuliwa, Manka akasimama mbele ya chungu akashika jani kwa vidole viwili. Mama, unamjua mwanao sauti yake.

"Mnaona isale la mama? Tangu lini isale likafa ndani ya nyumba? Hili ni la msamaha, mama alilipeleka mwenyewe Kikatiti. Wifi, ulilipokea kwa mkono, moyoni hukulipokea. Mama ameondoka na kinyongo chako mgongoni."

Watu waliacha kutafuna. Shangazi mmoja akasema, "Jamani Manka." Nilimtafuta Faustini kwa macho, na Faustini alikuwa anaangalia sahani yake. Manka sikumshangaa. Sahani ya mwanao ndiyo iliyoniuma.

Wageni walipoondoka tulikuwa tunakusanya viti, Faustini akaniuliza bila kuniangalia. "Mama Ndeshi, yale ya Kibosho yaliisha?"

Nilimwachia viti, nikaingia jikoni kwa hasira. Miaka yote ile, nimekuogesha ulipougua, nimekulisha, nimekusuka nywele, halafu ushahidi wa moyo wangu unatafutwa kwenye chungu cha maua! Lakini nilielewa pia nimefika wapi. Isale likifa, nitakuwa yule mkwe aliyekataa msamaha kimoyomoyo, na hakuna wa kunitetea kwa kuwa wewe haupo. Ndeshi angekuja kusikia hivyo juu ya mama yake. Nikajiambia hili halifi.

Kila mtu alikuwa na dawa. Jirani wa kushoto alileta majani ya chai, wa kulia maganda ya mayai. Faustini, kwa aibu ya lile swali lake, alinunua mbolea akamwaga kiganja kizima, likazidi kuungua. Nikawafukuza wote. Mimi mteja akiniletea gauni halimkai, sikimbilii mkasi. Namvalisha, namzungusha, nakagua mshono mmoja mmoja mpaka nione linavuta wapi. Nikaliweka isale mezani, nikalikagua hivyohivyo.

Nilianza na wadudu, nikageuza kila jani, nikapangusa kwa pamba nyeupe, pamba ikabaki nyeupe. Nikaminya shina, gumu. Nikalitoa kwenye chungu kabisa, nikakung'uta udongo taratibu. Kama lingekuwa limezidiwa na maji, mizizi ingekuwa myeusi, laini, inanuka. Ilikuwa imara na haina harufu. Kama lingekuwa na kiu, majani yangelala, na haya yalikuwa yamesimama wima. Mwanga ni uleule wa dirisha lenye pazia jepesi, kama Kimandolu. Basi kilichobadilika ni nini? Nilijiuliza hilo huku nimelirudisha chunguni na kulibeba kulipitisha kwenye chumba changu cha kushonea, ambako nina kioo kirefu cha wateja. Nikajiona nimesimama, nimekumbatia isale, majani yamenizunguka uso, na nikawa nimekenua kwa uzito wa chungu.

Ncha za majani na meno yangu. Rangi moja, Mama! Kahawia ileile, na ile mistari ya njano pembeni.

Nilicheka peke yangu mpaka nikalazimika kuliweka chini. Mtu mzima, nimetembea na ugonjwa huu mdomoni tangu utotoni, nimechekwa nao, nimeletewa isale kwa ajili yake, na bado nilikuwa sijautambua kwenye jani. Nilimpigia bwana mmoja anayeuza miche barabarani, nikamuuliza tu kama mimea ya jamii hiyo inasumbuliwa na floraidi. Akasema hiyo ndiyo haiwezi kabisa, na mbolea zile za chenga nyingine zinayo pia. Nikamwambia asante, nilitaka tu anihakikishie.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mikono, na hapo mimi sina wasiwasi. Mvua ilikuwa bado. Nikaenda Kikatiti. Ndiyo, Kikatiti! Mama yangu siku hizi ana tanki kubwa la maji ya mvua, wajukuu wake wote wana meno kama maziwa. Nikarudi na madumu. Udongo wa zamani na mbolea ya Faustini nikautupa, nikaweka udongo mweusi wa chini ya miti uliochanganywa na mchanga. Nikamwaga maji ya mvua juu mpaka yakatoka chini, nikayamwaga yaliyotoka, nikarudia, ili kila kilichojificha kwenye mizizi kioshwe. Halafu nikachukua mkasi wangu wa kitambaa. Nilikata sehemu zilizoungua nikifuata umbo la jani, ncha ikabaki ncha, na nikaacha uzi mwembamba wa kahawia pembeni, maana ukikata mpaka kwenye kijani unalijeruhi upya. Kila jani nikaliacha na pindo lake.

Faustini alisimama mlangoni akaniangalia. "Litarudi kuwa kijani?"

"Yaliyoungua hayarudi," nilimwambia. "Tunasubiri jipya."

Na alisubiri kwelikweli. Mwanao alikuwa akiamka anapita sebuleni kwanza, kabla hata ya kunawa uso. Mvua zikaanza, mlima ukajifunika wiki nzima, akanunua pipa jipya na gata, gata akaifunga mwenyewe, imepinda kidogo lakini inaleta maji. Asubuhi moja akaniita kwa sauti ya kuogopesha, nikatoka na chaki mkononi. Katikati ya kichwa cha isale kulikuwa na jani limejikunja kama karatasi ya kufungia karanga. Lilipofunguka lilikuwa kijani mpaka ukingoni, bila doa. Likafuata lingine. Faustini akaniambia, "Nisamehe kwa lile swali." Nikamwambia achukue ndoo aende akaangalie pipa lake jipya.

Sasa nifike kwa Manka. Nilitamani kumpigia simu siku hiyohiyo nimwite aje aone, na ningeufurahia ushindi huo, sikufichi. Nikajizuia. Akaja mwenyewe, Jumamosi moja, na kitenge cha kushonewa kama kisingizio. Alipita sebuleni akasimama. Akashika jani jipya kwa vidole vilevile viwili.

"Ulilimwagilia nini?"

"Maji ya mvua. Lilikuwa linaungua na floraidi ya kisima." Nikakenua. "Si unaijua rangi yake?"

Hakucheka. Nilimweleza yote, mizizi, mbolea, mkasi, madumu ya Kikatiti. Nikamweleza kikombe chako cha bluu. Hapo alikaa kwenye mkono wa kochi, jambo ulilokuwa unamkataza.

"Wifi," akasema mwisho, "naomba jani moja."

"La nini?"

"Wewe nipe tu. Kwetu ni mbali, na hapa Olasiti sina mahali pa kulichuma."

Nikamtazama. Nilichukua mkasi, nikamkatia jani, si yale mapya, moja la zamani lenye pindo la kahawia. Akalipokea, akainuka, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake. Nikabaki nimesimama sebuleni kama mjinga. Kisha nikasikia.

"Hodi."

Nikajifuta mikono kwenye gauni. "Karibu."

Akaingia ameshika jani kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha. "Nilicheka siku ile Kibosho," akasema. "Mama alikuja kwako na mti, mimi sikuja hata na jani. Na juzi nimesema vile mbele za watu. Naomba unipokee."

Nililipokea, Mama. Nikamwambia, "Umetembea mbali kulileta." Akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikacheka mdomo wazi, mahindi yote nje, na safari hii alinicheka usoni kwa furaha na nikapenda.

Jani lenyewe nimeliweka kwenye kikombe chako cha bluu, ndani ya maji ya mvua. Jani peke yake haliwezi kuota, nalijua hilo. Limekaa tu dirishani, na Ndeshi amekatazwa kuligusa. Jumapili ijayo nampeleka Kibosho akutembelee, acheke hapo kando yako uone meno uliyoyalinda.

Na lile swali la Faustini nalijibu hapa, wasikie wote. Isale lako nililipokea kwa adabu, kwa kuwa halikataliwi. Moyo wangu ulikuwa bado mgumu nilipolishika. Nilikusamehe muda mfupi baadaye, ndani kwetu, ulipoinua ile glasi ya maji yetu ukainywa mpaka ikaisha.

Pumzika, Mama. Maji yapo.

Mkweo wa Kikatiti,
mama wa Ndeshi wako